Neno moja la Kingereza: «sensible»



Wengi kati yenu mlituomba tuandike kidogo juu ya Kingereza, kwa sababu egzame ya Leta haiko mbali kwa sisi wa mwaka wa sita, na ninyi wadogo mtafika pale vile vile. Tumechagua neno moja tu. Pengine mtauliza: neno moja linaweza kujaza kurasa hizi? Ndiyo, linaweza. Neno lenyewe ni «sensible». Tumelichagua kwa sababu kila mtu humu shuleni anafikiri kwamba analijua, na kumbe linatudanganya kuliko maneno magumu. Neno gumu tunalitafuta ndani ya kamusi. Lakini neno tunalofikiri kwamba tunalijua, hatulitafuti hata kidogo. Tunapita tu.

1. USO MMOJA, MAANA MBILI

Tangu shule ya msingi tunasoma Kifaransa. Tukikuta «sensible» ndani ya Kifaransa, tunajua maana yake bila shida. Ni mtu anayeguswa upesi: neno dogo linamuumiza, na machozi yake iko karibu. Ni vile vile kidonda kinachouma ukikigusa, jino linalouma ukinywa maji ya baridi, ao mzani wa laboratwari unaocheza hata ukiweka juu yake unywele mmoja.

Halafu tunaanza Kingereza, tunakuta neno lile lile. Herufi ni nane kwa nane, hakuna hata moja iliyobadilika. Tunafurahi na kusema: hili tunalo tayari. Hapo ndipo tunapoanguka. Kwa Waingereza wa leo, mtu «sensible» ni mtu wa busara. Ni mtu anayepima mambo, anayefikiri kwanza kisha anatenda, asiyekimbilia upumbavu hata kama wenzake wote wanakimbia huko.

Tazameni mfano huu: «My sister is sensible.» Ukisoma kwa jicho la Kifaransa, utasema: dada yangu analia upesi. Mwingereza amesema: dada yangu ana busara. Yeye alisifu, wewe ukasikia masikitiko.

Wenye elimu ya ndimi wanaita maneno ya namna hii «faux amis», ni kusema marafiki wa uongo. Katika mwaka 1928 Wafaransa wawili, Maxime Koessler na Jules Derocquigny, walitoa kitabu kizima juu ya maneno ya Kingereza yanayofanana na ya Kifaransa kwa uso, lakini hayapatani kwa maana. Basi si sisi wa kwanza kudanganywa. Hata Wafaransa wenyewe iliwapasa kuonyana.

2. NENO HILI LILITOKA WAPI?

Baba yao ni mmoja: ni Kilatini. Katika Kilatini, «sentire» ni kusikia ndani ya mwili ao ndani ya moyo, na «sensus» ni kule kusikia kwenyewe. Kutoka hapo Wafaransa walipata «sensible». Mwaka 1066 watu wa Normandy walishinda Uingereza, na kwa miaka mingi wakubwa wa inchi ile waliongea Kifaransa. Hivyo maneno mingi ya Kifaransa yaliingia ndani ya Kingereza kidogo kidogo. «Sensible» ilikuwa imekwisha kuingia katika karne ya 14. Siku zile ilikuwa rafiki wa kweli: maana yake ilikuwa ya kusikia, sawa na kwa Wafaransa.

Sasa, namna gani neno la kusikia uchungu liligeuka kuwa neno la busara? Mtu asiyejua Kiswahili atashangaa. Lakini sisi tuko na jibu ndani ya mdomo wetu wenyewe. Angalieni neno letu «kusikia». Tunasema: ninasikia sauti. Tunasema: ninasikia baridi, ninasikia njaa, ninasikia uchungu. Halafu mama anasema juu ya mtoto wake: «Huyu mtoto hasikii!» Je, anataka kusema kwamba masikio yake yamekufa? Hapana. Anasema mtoto hafuati shauri, hana akili ya kupokea maonyo. Na mtoto mzuri tunamwita msikivu.

Basi ni njia ile ile. Kifaransa kilibaki upande wa kusikia uchungu. Kingereza kilitembea mpaka kufika upande wa kusikia shauri. Hata Kihispania kiko na «sensible», na Kijerumani kiko na «sensibel», na zote mbili zilibaki pamoja na Kifaransa upande wa uchungu. Kingereza ndicho kilichoacha wenzake njiani.

Mabadiliko haya hayakuja siku moja. Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa kule London mwaka 1755. Ndani yake aliandika maana nyingi za «sensible», na maana ya busara aliiweka mwisho, akisema ni ya mazungumzo ya watu wa chini. Leo ile maana aliyoidharau ndiyo imekuwa bwana wa nyumba, na zile nyingine zimekuwa wageni.

Na mwaka 1811 Jane Austen, mwandishi mwanamke wa Uingereza, alitoa kitabu kinachoitwa «Sense and Sensibility». Ni habari ya dada wawili. Elinor, yule mkubwa, anashika busara hata kama moyo wake unauma. Marianne, mdogo wake, anafuata moyo wake bila kujizuia. «Sense» ni upande wa Elinor, na «sensibility» ni upande wa Marianne. Shikeni jambo hili: leo «sensible» inakwenda pamoja na «sense», haiendi pamoja na «sensibility». Ni kama watoto wawili wa nyumba moja waliohama, kila mmoja mtaa wake.

3. NAMNA YA KULITUMIA

Kwanza, kwa kulitamka. Wafaransa wanabonyeza mwisho, na N yao inapita puani. Waingereza wanabonyeza mwanzo: SEN-si-bol, na N inasikika wazi, sawa na ndani ya neno letu «senti».

Pili, mahali pake. Kivumishi cha Kingereza kinakaa mbele ya jina: «a sensible boy», kijana mwenye busara. Hakipokei S hata kama watu ni wengi: «sensible boys». Wengi wetu tunaandika «sensibles» juu ya desturi ya Kifaransa. Tuache. Kwa kulinganisha tunasema «more sensible» na «the most sensible».

Tatu, mambo yanayoweza kuitwa hivyo. Si watu peke yao. Kuna «a sensible answer», jibu la akili. Kuna «a sensible price», bei isiyopita kiasi. Tena Waingereza wanasema «sensible shoes», na hapa kama tungetafsiri kwa Kifaransa tungepata viatu vyenye kulia! Ni viatu vya kufaa kwa kutembea: visigino vifupi, nguvu ya kutosha, si vya kuonyesha watu. Kila anayepanda kilima chetu wakati wa mvua anajua viatu vya namna gani viko na akili.

Nne, maneno ya kila siku. «Be sensible!» ni kusema: uwe na akili! «It is sensible to boil the water»: ni jambo la busara kuchemsha maji. «She acted sensibly»: alitenda kwa busara.

Wanaosoma Biblia ya Kingereza katika tafsiri ya Revised Standard Version watakuta neno hili katika 1 Timoteo 3:2, kati ya sifa za mwangalizi wa kanisa. Fungueni Biblia yetu ya Kiswahili mahali pale pale, mtaona neno «busara». Angalia sasa: kama mtu angechukua maana ya Kifaransa, angehubiri kwamba kiongozi wa kanisa anapashwa kuwa mtu wa kuumia upesi. Kanisa lingekuwa na taabu.

Tano, kinyume chake. Hapa kuna mtego wa pili. Kinyume cha «sensible» si «insensible». Kwa Kingereza mtu «insensible» ni mtu aliyezimia, hasikii kitu tena. Na «insensitive» ni mtu asiyejali uchungu wa wenzake. Kinyume cha kweli ni «foolish» ao «silly», ni kusema mpumbavu.

4. NA «SENSIBLE» YA KIFARANSA TUITAFSIRI NAMNA GANI?

Kwa Kingereza ni «sensitive». Tuandike ndani ya madaftari yetu hivi:

Kifaransa «sensible» = Kingereza «sensitive» = mwepesi wa kuguswa, mwepesi wa kuumia.
Kingereza «sensible» = Kifaransa «sensé» ao «raisonnable» = mwenye busara.

Mfano: «Une dent sensible» ni «a sensitive tooth». «Une balance sensible» ni «a sensitive balance». «Un enfant sensible» ni «a sensitive child». Kwa jambo linalomuuma mtu moyoni tunasema «sensitive about»: «He is sensitive about his height», ni kusema ukimtania juu ya kimo chake, anaumia.

5. JUU YA NINI JAMBO HILI SI DOGO?

Wengine watasema: haya ni mambo ya pointi tu. Sisi tunasema hapana.

Mwaka jana neno hili lilileta fujo ndani ya klasi moja ya hapa. Mwalimu wa Kingereza alirudisha karatasi za insha. Juu ya karatasi ya msichana mmoja aliandika kwa wino mwekundu: «You are a sensible girl.» Wenzake walisoma juu ya bega lake, na kabla ya mwalimu kufika mlangoni habari ilikuwa imeenea: mwalimu amemwita mwenye kulialia. Walimcheka mpaka enterna. Siku zile wasichana walikuwa wanatafuta kapita mpya wa chumba chao cha kulala, na jina lake lilikuwa limetajwa. Yeye mwenyewe aliliondoa. Alisema: kama hata mwalimu anaona mimi ni mdhaifu, nitaongoza nani? Siku nne alikaa bila kuinua mkono ku klasi.

Siku ya tano mwalimu akauliza sababu. Aliposikia, aliandika ubaoni maneno mawili, «sensible» na «sensé», akaweka kati yao alama ya usawa, akaketi. Klasi nzima ilinyamaza. Msichana yule alikuwa amesifiwa mbele ya wote, na wote walikuwa wamegeuza sifa ile kuwa aibu. Chumba kilikuwa kimekwisha kupata kapita mwingine. Neno lilikuwa limefafanuliwa, lakini nafasi haikurudi.

Sasa tuende mbali kidogo. Katika mashariki ya inchi yetu kuna hospitali nyingi ambamo waganga wageni wanakuja kusaidia, na wengine wanajua Kingereza peke yake. Mgonjwa anaongea Kiswahili, mwuguzi anaandika Kifaransa, mganga anauliza kwa Kingereza. Wanamwita nani kutafsiri? Mara nyingi mwanafunzi wa sekondari, mmoja wetu.

Tufikiri ya kwamba mwuguzi ameandika kwa Kifaransa kwamba mama huyu ni «sensible à la pénicilline». Maana yake: mwili wake unakataa dawa ile. Akipigwa sindano ya penisilini anaweza kuvimba, kukosa pumzi, hata kufa. Mwanafunzi anajivuna kidogo na kusema: «Doctor, she is sensible.» Mganga anasikia nini? Anasikia kwamba mama huyu ni mtu wa busara. Anatabasamu, anatikisa kichwa, na anachukua sindano.

Inapasa kusema: «She is allergic to penicillin.» Maneno haya hayana mashaka yoyote. Tuyashike kwa kichwa. Na kama mgonjwa anaumia mahali fulani ukimgusa, tuseme «It is tender here» ao «It is painful here». Tusiseme kamwe kwamba mguu wake ni «sensible», mganga atashangaa kusikia mguu wenye hekima.

Mtu anayetafsiri anachukua maisha ya wengine ndani ya mdomo wake. Kwa hiyo ukiwa na mashaka, simama, uliza. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Na kwa Waingereza, kuuliza hivyo kungeitwa «sensible».

6. MAHALI AMBAPO WANAPATANA BADO

Kwa haki tuseme hili pia. Ndugu hawa wawili hawakuachana kabisa. Ku klasi ya fizika tunasoma «chaleur sensible» na «chaleur latente». Kwa Kingereza ni «sensible heat» na «latent heat». Hapa maana ya zamani imebaki. Weka chungu cha maji juu ya makaa: moto unaingia, na termometa inapanda. Joto hilo linasikika na kuonekana, ndilo «sensible heat». Maji yakianza kuchemka, moto unazidi kuingia lakini termometa haipandi tena. Joto hilo linafichwa katika kazi ya kugeuza maji kuwa mvuke, ndilo «latent heat». Joseph Black, mtu wa elimu wa Scotland, ndiye aliyefafanua joto hili la kufichwa katika karne ya 18.

Vile vile, ndani ya barua za zamani za Kingereza mtakuta «I am sensible of your kindness», ni kusema: ninasikia na kutambua wema wenu. Alama ni lile neno dogo «of». Mkiliona nyuma ya «sensible», mjue mwandishi anaongea Kingereza cha babu.

7. MAZOEZI

Jazeni kwa «sensible» ao «sensitive». Msitazame majibu mbele ya kumaliza.

a) My eyes are ... to strong light.
b) It is ... to sleep under a mosquito net.
c) Do not laugh at his voice, he is... about it.
d) The old man gave us some ... advice.
e) This balance is very ...; do not breathe on it.
f) Be ...! Do not cross the river at night.

Tafsirini kwa Kingereza:
g) «Cet enfant est très sensible.»

Tafsirini kwa Kifaransa:
h) «Your mother is a sensible woman.»

Tafsirini kwa Kiswahili:
i) «A good nurse must be sensitive and sensible.»

Majibu: a) sensitive, b) sensible, c) sensitive, d) sensible, e) sensitive, f) sensible, g) «This child is very sensitive», h) «Votre mère est une femme sensée», ao «raisonnable», i) Mwuguzi mwema anapashwa kusikia uchungu wa wengine, na kuwa na busara.

Aliyepata yote tisa, atusaidie kufundisha wadogo wa mwaka wa kwanza na wa pili, saa ya masomo ya jioni. Aliyepata chini ya tano, asiumie moyo, asome tena sehemu ya nne polepole. Na kama kuna kati yenu wanaojua marafiki wengine wa uongo, kama vile «library» na «librairie», ao «actual» na «actuel», waandike juu ya karatasi na kutuletea ku enterna ya wavulana, mlango wa kwanza. Tutayachapa katika gazeti letu linalofuata.

Tunawatakia masomo mema.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita